Niliyanyamazisha Maonyo ya Mashine, Sasa Ndoa ya Watu Inayumba

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya bunda la karatasi katika stoo ya kazini, mlango nimeurudisha, wenzangu wanadhani natafuta wino, naomba unishike mkono kwa sababu mambo yalipofikia nikisema nitaharibu, na nikinyamaza nimeshaharibu.

Mimi ni fundi wa programu za kompyuta, nina mke tunayependana, na karakana ninayofanyia kazi inatengeneza mashine za kuchapa nukta nundu, yale maandishi ya vitone vilivyoinuka ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Mashine kama hiyo haielewani na kompyuta hivi hivi, inataka draiva, na simaanishi dereva wa gari, namaanisha programu ndogo inayokaa ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta kama mkalimani, kompyuta ikisema chapa, draiva ndiyo inayoigeuza amri hiyo iwe sindano hii ishuke, ile isubiri, karatasi isogee. Draiva yetu iliandikwa zamani na mhandisi mmoja mwanamke mwenye akili kali na ulimi mkali zaidi, ambaye alistaafu kabla sijaajiriwa, na mhandisi huyo, mshauri, ndiye mama mkwe wangu.

Nilimwoa binti yake kwanza, kazi nikaipata baadaye, watu husema niliingia kwa mgongo wa mke, si kweli, niliingia kwa mtihani, lakini hilo tuliache. Mama anaishi nasi tangu magoti yalipoanza kumsumbua, chumba chake kiko karibu na jikoni, na ile draiva anaiita kitinda mimba wake. Mke wangu, ambaye ni mtoto wake wa pekee wa damu, amezoea utani huo hata nikitoka kazini huniuliza, "Mdogo wangu hajambo?" nami hujibu, "Hajambo, leo amechapa vizuri," na Mama kule chumbani hufurahi.

Balaa lilianza meneja mpya alipoleta kompaila mpya. Usichoke nami, mshauri, nitaeleza. Kompaila ni programu inayosoma tulichoandika sisi na kukigeuza kiwe lugha ya mashine, sisi humsema kama mtu maana ana maneno mengi. Akikuta kosa hukataa kazi palepale, lakini akikuta jambo linalomtia shaka tu, huipitisha kazi na kutoa onyo, kama mzazi anayekuruhusu kutoka huku akikwambia anaona wingu. Kompaila wa zamani alikuwa mpole. Huyu mpya hana haya, alipoisoma draiva ya Mama maonyo yalijaa skrini yakaendelea kushuka hadi nikaenda kunywa maji nikarudi bado yanashuka.

Meneja akatundika skrini kubwa ukutani inayoonyesha idadi ya maonyo yaliyobaki, akasema anataka kuona sifuri kabla mashine zilizoagizwa na shule hazijaondoka, na kazi hiyo akanipa mimi.

Nikamwambia, "Meneja, programu hii ni ya mama mkwe wangu."

Akasema, "Vizuri sana. Basi unamjua wa kumwuliza."

Nimwulize vipi, mshauri? Nimwendee mzee wa watu anakunywa chai nimwambie, shikamoo Mama, nimetumwa nije kusafisha ulipochafua? Nikaamua kufanya kimya kimya. Maonyo ya mwanzo yalikuwa mepesi, neno limeandikwa kwa mtindo wa kizamani, unabadilisha, linakwisha, namba ukutani inapungua, nikaanza kujiona bingwa. Halafu nikafika mahali ambapo programu inasoma thamani fulani kutoka kwenye mashine, inaiweka pembeni, na haiitumii kabisa. Kompaila anasema, hiki umekichukua cha nini? Nami nikasema kweli, cha nini? Nikaufuta mstari huo.

Mashine ikapigwa na kichaa. Sindano ilishuka mahali pamoja ikashuka tena na tena palepale, karatasi ikatoboka, tukachomoa waya.

Jioni ile mezani nikajifanya nasimulia habari za mtu. Nikasema, "Mama, kuna rafiki yangu alifuta mstari uliokuwa unasoma kitu bila kukitumia, sasa mashine yake inagonga mahali pamoja."

Mama akaweka kijiko chini. "Rafiki yako huyo, anaishi nyumba hii?"

Mke wangu akajifanya anakohoa.

"Mashine ikimaliza kazi hubisha hodi," Mama akasema. "Ule mstari ndio kuitikia. Huna haja na jambo lake, lakini usipoitikia itaendelea kubisha mpaka ivunje mlango. Mwambie rafiki yako kompaila haijui adabu za mashine. Yale maonyo ni makelele tu, mimi niliyasikia miaka na hakuna nukta iliyowahi kudondoka."

Nikaona aibu hadi masikioni. Kesho yake nikaurudisha mstari, na mashine ikatulia. Sasa, mshauri, hapa ndipo nilipoteleza. Nikajiambia, kama Mama alikuwa sahihi pale, mimi ni nani wa kuendelea kumchokonoa? Kuna maneno unayoweza kuandika ndani ya programu ya kumwambia kompaila kwamba kuanzia hapa hadi pale, funga mdomo. Nikayaandika mwanzo wa draiva ya Mama na mwisho wake. Sikurekebisha kitu, nilizima sauti tu. Namba ukutani ikaanguka hadi sifuri wenzangu wakiangalia, wakanipigia makofi, meneja akanunua keki, nikapewa nafasi ya kuikata, nami nikaikata.

Nisingekusumbua kama yangeishia hapo. Pale kazini kuna msahihishaji wetu, mwanamke asiyeona, ambaye kila karatasi ya majaribio hupita mikononi mwake, tunamwita Mama Vidole na yeye mwenyewe jina hilo analipenda. Mumewe naye haoni, ni mpokea simu hospitalini, mtu mcheshi mwenye sauti nzuri, na sauti hiyo ndiyo iliyomletea shida, maana mkewe alisikia kwamba kuna mpokea simu mwenzake, mwanamke wa zamu ya jioni, ambaye wakipishana zamu wanacheka muda mrefu kuliko kupishana kunavyohitaji. Wakanuniana. Bwana akaja karakana mkewe akiwa ametoka, akaniomba nimchapie barua ya kuomba radhi kwa mashine yetu mpya, kwa sababu alitaka nukta nzuri, safi, zinazopendeza mkono. Alikuwa nayo kwenye simu. Nikaichapa, nikaona inaacha nafasi chini, na mimi kwa kutaka kumpendezea nikasogeza kingo kidogo ili maneno yajaze ukurasa wote hadi kona ya mwisho kabisa.

Barua ilikuwa nzuri, mshauri. Ilimalizia hivi: "Na kuhusu yule wa zamu ya jioni, leo nakwambia ukweli bila kuficha, mimi ni wako."

Mama Vidole alirudi, akakabidhiwa, akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akaanza kusoma. Tulimwona uso unalainika mstari baada ya mstari. Halafu vidole vikafika kona ya chini vikasimama. Akarudi nyuma kidogo, akasoma tena. Akaikunja ile karatasi taratibu, akaomba fimbo yake, akaomba mkoba wake, akatoka, na tangu siku hiyo yuko kwa dada yake. Hapokei simu ya mumewe. Mumewe alikuja hapa amechanganyikiwa, anasema, "Nimeandika kutoka moyoni, nimekosea wapi?"

Mimi nilikuwa nimebaki na ile barua kwenye kompyuta. Nikaichapa tena, nikaitazama kona ile chini ya taa. Herufi o katika nukta nundu ina vitone vitatu, ukikitoa kile cha chini inabaki e. Mashine ilikuwa imekiacha kitone cha chini cha herufi ya mwisho. Kwa hiyo Mama Vidole alisoma, kwa vidole vyake mwenyewe, kwenye karatasi aliyoandikiwa na mume wake: "Na kuhusu yule wa zamu ya jioni, leo nakwambia ukweli bila kuficha, mimi ni wake."

Nikaenda kwenye draiva nikamfungulia kompaila mdomo, na onyo lilikuwa pale pale, linasema hapa unalinganisha hesabu mbili zisizo za aina moja, jibu huenda lisiwe unalotarajia. Ukurasa ukijaa hadi nafasi ya mwisho, draiva inadhani imemaliza hatua moja kabla ya kumaliza. Ni jambo la nadra, ukurasa sharti ujae kabisa, na herufi ya mwisho sharti iwe na kitone cha chini, ndiyo maana miaka yote hakuna aliyeligundua, na walau mmoja aliyewahi kulalamika aliambiwa apumzishe vidole.

Sasa naomba uniambie. Nikisema, meneja atajua ile sifuri niliyokatia keki ilikuwa ya uongo. Nikisema, mama mkwe wangu, ambaye amealikwa siku ya kukabidhi mashine kwa shule, ameshanyoosha nguo ya kuvaa na anatembea nyumbani akifanya mazoezi ya magoti ili apande jukwaani bila kushikwa, atasikia kwamba kitinda mimba wake alidondosha nukta na kuvunja nyumba ya watu, na mimi mkwe ndiye niliyemtangazia. Mke wangu ninamsimulia kila kitu, naye anasema, "Rekebisha kimya kimya, Mama asijue, hao wengine ni mke na mume, watapatana wenyewe." Mimi nimefikiria nimwendee Mama Vidole nimwambie karatasi ilibanwa na kitabu kizito, kitone kikabonyea, ili mumewe apone na Mama asiguswe. Ni uongo mdogo unaosaidia watu watatu. Au unaonaje? Nijibu upesi, mashine zinaondoka hivi karibuni na mimi hata nikiona karatasi nyeupe nabadilisha njia.

Wako (nimelisoma neno hili kwa uangalifu),
Mkwe wa Stoo


MSHAURI ANAJIBU

Mkwe wa watu,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikakasirika, kwa hiyo jibu hili linatoka katikati. Kompyuta mimi naijua kwa kuiwasha na kuichomoa ikigoma, lakini jambo uliloleta si la kompyuta.

Pole kwanza. Kupewa kazi ya kusahihisha kazi ya mzazi wa mkeo, mtu unayemwamkia asubuhi na kula naye jioni, ni mtihani ambao meneja wako aliupuuza kwa mzaha mmoja. Na ulipofuta ule mstari mashine ikachachamaa, wala sikulaumu. Hilo ni kosa la mtu anayefanya kazi. Ulikosea, ukauliza, japo uliuliza kwa kumsingizia rafiki, ukaelekezwa, ukarekebisha. Ungeendelea hivyo hivyo, leo usingekuwa umekaa juu ya bunda la karatasi.

Lakini ulifanya nini? Uliona kuuliza kunaumiza, ukaacha kuuliza. Na usinitajie mama mkwe hapa. Yeye alisikia onyo akalipuuza, ni kweli, na hilo atalijibu mwenyewe. Ila aliliacha likipiga kelele, na yeyote aliyepita angeweza kulisikia na kusimama. Wewe uliziba kinywa cha anayeonya, ukawaambia watu hakuna la kuonywa, kisha ukakata keki. Hayo ni makosa mawili tofauti na la pili ni lako peke yako. Usijaribu kulipitisha chini ya meza hadi miguuni kwa mama wa watu.

Unasema unamheshimu. Mwanamke aliyekaa akaifundisha mashine kuzungumza na vidole vya watu, unadhani atakufa akiambiwa kitone kimoja kilianguka? Umemfanya yai. Ninavyomsoma mimi, huyo alikugundua pale mezani kabla hujamaliza sentensi. Unachokiita heshima ni woga uliovaa koti la kuazima, na mikono ya koti hilo inakupwaya.

Sasa kuhusu huo uongo wako mdogo wa kitabu kizito. Usithubutu. Unataka kumdanganya mtu kuhusu karatasi, na mtu mwenyewe ndiye mnayemlipa kwa kuijua karatasi? Kitone kilichobonyezwa huacha alama. Mahali ambapo kitone hakikuwahi kuwapo ni laini. Alishapapasa hapo akajua kwamba hakuna kilichofutika, ndiyo maana alichukua fimbo yake bila kuuliza swali. Ukimpelekea hadithi ya kitabu, atajua unaongopa, ataamini mumewe ndiye aliyekutuma, na hapo utakuwa umeimalizia nyumba ile kwa nyundo.

Na mkeo mpe salamu zangu umwambie hivi: mashine ukiitengeneza kimya kimya haitakuuliza ulikuwa wapi. Mtu atauliza. Huyo mama yuko kwa dada yake sasa hivi anarudia sentensi moja kichwani, na wewe ndiye mwenye dawa mfukoni. Mke na mume hupatana wenyewe wakigombana wenyewe. Hawa mliwagombanisha.

Basi sikiliza utakavyofanya. Ukimaliza kusoma hapa usifungue ukurasa wa michezo. Nenda kwa yule dada leo, jua likiwa bado juu. Chukua mashine, usichukue maelezo. Ichape barua mbele yake kama ilivyokuwa, kisha ichape ikiwa imesogezwa mstari mmoja juu ili kona isijae, mpe zote mbili, ukae kimya. Vidole vyake ndio hakimu. Mumewe mnaweza kwenda naye lakini abaki nje mpaka aitwe, na asipoitwa mrudi. Kwamba bwana huyo anacheka mno na wa zamu ya jioni, hilo si la mashine, wataliongea wao.

Kwa mama mkwe usimwambie mezani, usimwambie kupitia binti yake, na Mungu apishe mbali asilisikie jukwaani. Mwombe kiti ukae karibu naye, mfungulie ule mstari, umwambie, "Mama, naomba tuusome pamoja." Basi. Usianze na pole, usianze na hadithi ya rafiki. Yeye ni fundi, mpe kazi ya fundi.

Meneja utamwambia kabla ya mashine hata moja kupakiwa. Rudisha maonyo yote ukutani, hata kama namba itapanda mpaka dari. Wanafunzi wa shule ile watafanya mitihani kwa karatasi hizo, na mtoto aliyeandika "wako" mashine ikachapa "wake" hana dada wa kumkimbilia. Ukifukuzwa kazi niandikie, nitakuonea huruma. Sidhani kama utafukuzwa. Keki hairudishwi.

Mshauri


BARUA YA PILI KUTOKA KWA MKWE WA STOO

Mpendwa mshauri,

Nilikasirika ulivyonijibu, hasa pale pa koti, lakini nilikwenda.

Mashine ni nzito, tuliibeba mimi na yule bwana mwenye barua ngazi zote hadi kwa shemeji yake, yeye ameshika upande mmoja mimi mwingine, namwelekeza pa kukanyaga, na njiani hakunilaumu hata kidogo, jambo lililonitesa kuliko angenitukana. Alibaki kwenye ngazi. Dada mtu alinifungulia mlango kwa uso wa kunipima, nikaingia, nikachapa zote mbili kama ulivyosema, nikampa Mama Vidole nikanyamaza.

Alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akaweka kidole kwenye kona ya hii na kidole kwenye kona ya ile. Kisha akaniuliza, "Nani aliisogeza barua yangu ikajaa hadi pembeni?"

Nikasema ni mimi.

"Na nani alisema mashine haina onyo hata moja?"

Nikasema ni mimi pia.

"Utanisomea kila onyo kwa sauti, nikisharudi kazini," akasema. "Sasa mwite huyo anayepumua kwenye ngazi." Dada yake akafungua mlango, mumewe akaingia akipapasa ukuta, naye Mama Vidole akamwambia, "Kaa. Tuanze na habari ya kucheka." Hapo nikaona yangu yameisha, nikaondoka, na mashine nikaiacha kwao hadi asubuhi. Wamerudi nyumbani pamoja. Bwana ameomba kubadilishiwa zamu.

Mama nilimkuta amekaa kitandani anapaka magoti dawa. Nilivuta kiti, nikafungua kompyuta, nikasema, "Mama, naomba tuusome mstari huu pamoja." Alivaa miwani. Aliusoma, akasogea mbele, akausoma tena, akavua miwani akaifuta na kanga iliyokuwa begani ingawa ilikuwa safi.

"Onyo hili nalikumbuka," akasema. "Lilikuwapo tangu siku ya kwanza. Nilikuwa na haraka."

Nilitaka kusema neno la kumtuliza, akaninyooshea kidole nisiseme. Baadaye akaniuliza limemdhuru nani, nikamweleza yote, la karatasi, la fimbo, la dada mtu. Alicheka nilipofika kwenye "mimi ni wake," akacheka hadi mke wangu akaja kuchungulia mlangoni, halafu kicheko kikakatika akakaa akiangalia mikono yake. Asubuhi tuliamka tukamkuta amevaa viatu vya kutokea. Alikuja karakana kwa miguu yake mbovu, akaomba kiti, akaurekebisha mstari ule mwenyewe mbele ya meneja, kisha akasema, "Sasa fungua na mengine yote aliyoyafunika mkwe wangu."

Namba ukutani ilirudi juu, meneja akawa mwekundu wa hasira, akanipa barua ya karipio, na siku ya kukabidhi mashine ikasogezwa mbele. Mengi ya maonyo yale ni makelele kweli, Mama alikuwa sahihi, lakini hakubali tena tuyanyamazishe, kila moja tunakaa nalo mpaka tujue linataka nini. Mama Vidole amekaa katikati yetu, namsomea kwa sauti kama alivyoagiza, na wakati mwingine yeye ndiye anayeuliza swali linalotukwamua. Kwa sababu kazi imekuwa ndefu, meneja amemwajiri Mama kwa mkataba.

Hapo ndipo ninapokuombea ushauri mwingine. Meza yake iko mkabala na yangu. Jana alimaliza sehemu yake ya draiva mapema, akauliza kwa sauti ya upole kwamba hii programu nyingine ya kusogeza karatasi iliandikwa na nani. Iliandikwa na mimi. Akaipitisha kwa kompaila. Mshauri, sikujua. Maonyo yalishuka kwenye skrini ya ukutani mbele ya watu wote, na yeye alikuwa anayasoma moja moja kwa sauti, akimwita binti yake kwenye simu ili naye asikie. Nifanye nini?

Mkwe


MSHAURI ANAJIBU

Anza na la kwanza.